Muulize Mwalimu wa Maabara: Kaktasi, alkaloidi na ile chupa isiyo na lebo

Toleo lililopita niligusia tu, mistari mitatu hivi, kwamba kaktasi wana kemia ya ajabu ndani ya ile miili yao ya miiba. Basi barua zikamiminika! Sikujua kama watu wengi hivi mna kaktasi dirishani na maswali kichwani. Nimechagua chache, zingine nimezifupisha maana kuna mtu ameandika kurasa nne na swali lenyewe liko ukurasa wa mwisho kabisa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nimemaliza sekondari mwaka jana na kemia ndo lilikuwa somo langu, yaani hata likizo nilikuwa nasoma kemia. Sasa nimeona video za watu wanakata kaktasi wanachemsha wanachuja wanapata unga mweupe, wanasema ni meskalini. Mimi sitaki kutumia, naapa, nataka tu kuelewa ile kemia na kujaribu kwa mikono yangu mwenyewe. Nina kaktasi mmoja mrefu wa mbavu mbavu nimeambiwa ni San Pedro. Nisaidie nitumie kiyeyushi gani na hatua ni zipi? – *Mpenda Mirija*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nakuamini kabisa unaposema hutaki kutumia, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo umri wako, nilikuwa nataka kuona fuwele zinatokea chini ya chupa basi, nikiziona nalala kwa amani. Ila hatua sikupi, na kiyeyushi sikutajii. Nitakwambia kwa nini, halafu nitakupa kitu kingine cha kutafuna.

La kwanza ni sheria, nalipita haraka. Meskalini, yaani ile dawa ya ndani ya kaktasi inayoleta maono, iko kwenye Jedwali la I la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Dawa za Kuathiri Akili wa mwaka 1971, yaani lile jedwali la vitu vinavyobanwa kuliko vyote. Mmea ukiwa umesimama kwenye chungu chake nchi nyingi haziusumbui, ni pambo tu. Lakini siku unapoanza kuitoa ile dawa ndani ya mmea, machoni pa sheria wewe si mtunza maua tena, unatengeneza dawa ya kulevya, na hakimu hana pa kuandika "alikuwa anapenda kemia tu".

La pili ndo lenye utamu. Ngoja nikusimulie habari za Arthur Heffter, mkemia wa Leipzig kule Ujerumani. Miaka ya 1890 wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamepata vipande vikavu vya peyote, kale ka-kaktasi kadogo kasiko na miiba kanakoota kaskazini mwa Meksiko na kusini mwa Texas. Walijua watu wa huko wakikala wanaona maono. Louis Lewin wa Berlin alishaanza kuichunguza mwaka 1888 akapata alkaloidi, yaani kemikali za mmea zenye nitrojeni, ndani yake. Heffter akaenda mbali zaidi, akapata kadhaa, kila moja safi, kila moja kwenye chupa yake: anhalonini, anhalonidini, lofoforini, na meskalini. Sasa ipi kati ya hizo ndo inaleta maono? Sungura hawezi kukuambia ameona rangi. Chura pia hawezi. Heffter akafanya kitu ambacho leo kamati yoyote ya maadili ingemfukuza nacho mlangoni, akazijaribu mwilini mwake mwenyewe moja baada ya nyingine, na tarehe 23 Novemba 1897 akapata jibu lake.

Watu wakisimulia hadithi hii wanakimbilia pale alipomeza. Mimi nakaa pale kabla. Huyu mtu alikuwa mtaalamu aliyebobea, ana mizani ya maabara, ana vipimo vya kiwango cha kuyeyuka, amefanya uchambuzi wa kujua kaboni ni asilimia ngapi na nitrojeni ni asilimia ngapi, ametenganisha vitu vinne vinavyofanana kama ndugu wa tumbo moja. Na bado, pamoja na hayo yote, hakujua molekuli yenyewe imejengwa vipi! Jibu hilo lilikuja mwaka 1919, miaka 22 baadaye, pale Ernst Späth alipoitengeneza meskalini mwanzo hadi mwisho bila kaktasi, kisha ikaonekana ni ile ile.

Sasa rudi kwenye video zako. Yule jamaa ana unga mweupe kwenye sahani. Ameujuaje? Hajaujua! Unga mweupe unaweza kuwa chumvi iliyobaki, unaweza kuwa kostiki soda ambayo haikuoshwa ikaisha, unaweza kuwa mchanganyiko wa alkaloidi sita na mabaki ya kiyeyushi. Kutoa kitu kwenye mmea ni nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi, hata mtu anayechemsha chai anatoa kafeini kwenye majani. Kujua ulichonacho ndani ya chupa ndo kemia yenyewe. Na hiyo nusu ya pili kwenye video haipo.

Na kuna mambo ya moto. Nikiwa mwaka wa pili chuoni jamaa yangu mmoja aliacha bika ya etha mezani bila kifuniko, jiko la umeme liko upande wa pili wa meza, tukajiona tuko salama kwa sababu ya umbali. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa mwanangu, haupandi juu, unatambaa. Ukatambaa mezani kimya kimya hadi jikoni, na sote tukaona mwali wa bluu unarudi mbio juu ya meza kuelekea kwenye bika, kama mtu aliyeitwa jina. Tulikuwa na blanketi la moto, tulikuwa na mwalimu, tulikuwa na mlango mpana. Nyusi za yule jamaa zilirudi baada ya muda. Chumbani kwako una nini kati ya hivyo?

Nenda chini kwenye swali la mwisho ukurasa huu, nimekuwekea kazi ya mikono na kaktasi huyo huyo wa mbavu, na utaona kemia ambayo yule wa video hajawahi kuiona.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 20. Juzi nimesafisha chumba chake nikakuta chini ya kitanda kostiki soda, chupa za glasi, na kopo linanuka kama petroli, na kaktasi wangu wa ukumbini amekatwa katikati. Baba yake anataka kumtimua. Mimi sijui hata nimuulize nini. – *Mama K*

JIBU: Salama mama, pole na mshtuko. Kwanza usalama halafu ndo maneno. Fungua madirisha, usiwashe kiberiti wala mshumaa wala jiko mle ndani, hata swichi ya taa iache kama ilivyo hadi harufu iishe, maana cheche ndogo inatosha. Usichanganye chochote na chochote ati unataka kupunguza ukali. Usimwage sinki wala chooni. Kama kopo lina kifuniko funika, litoe nje kwenye kivuli mbali na moto, na uwapigie watu wa zimamoto uwaulize vitu kama hivyo vinapelekwa wapi. Kostiki soda iliyo kavu kwenye mfuko wake si hatari ukiiacha kavu bila kuigusa, ila ikikutana na maji kwa pupa inachemka na kuruka. Ikimrukia mtu jichoni ni maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, jicho likiwa wazi hata kama anapiga kelele, halafu hospitali. Kuna watu wanaogopa asidi wanadharau alkali, wakati alkali jichoni ni mbaya zaidi, inayeyusha nyama na kuendelea kuzama ndani.

Sasa kijana. Usianze na "unatumia dawa?" maana atasema hapana na mazungumzo yatakuwa yameishia hapo. Muulize, "ulikuwa unataka kupata nini, na ungejuaje kama umekipata?" Kama ni mpenda kemia swali hilo litamkosesha usingizi, na ataongea. Kama anatafuta ulevi pia utajua, kwa sababu hatakuwa na jibu. Mweleze ukweli kwamba nguvu ya alkaloidi inatofautiana mmea na mmea hata wakiwa wamesimama bega kwa bega, hivyo hakuna mtu anayejua kipimo kwa kuangalia, na kwamba meskalini inapandisha mapigo ya moyo na presha na kutapisha, na mwenye shida ya moyo au anayetumia baadhi ya dawa za msongo wa mawazo anacheza na kifo. Kama ameshameza kitu na amechanganyikiwa au moyo unaenda mbio, hospitali papo hapo na umwambie daktari kila kitu bila kuona haya.

Baba mwambie amtimue yule wa kwenye video kwanza. Kijana abaki, chupa ndo ziondoke.

SWALI: Hivi kwa nini mmea unajisumbua kutengeneza madawa? Unapata faida gani mtu akilewa?

JIBU: Haupati kitu, na wala haukututengenezea sisi. Mmea hauna miguu, ukivamiwa hauwezi kukimbia, kwa hiyo unapigana kwa ladha. Alkaloidi nyingi ni chungu kama shubiri na kwa mdudu mdogo ni sumu. Nikotini ya tumbaku inaua wadudu, kafeini inafanya hivyo hivyo kwa wadogo wadogo, na kwinini sote tuliowahi kuimeza tunaijua uchungu wake.

Jina lenyewe lilitolewa na mfamasia Mjerumani, Meissner, mwaka 1819, likimaanisha "kitu kama alkali". Ndani ya molekuli hizi kuna nitrojeni ambayo inapenda kunyakua hidrojeni kutoka kwenye asidi, kwa hiyo zinafanya kama besi, yaani kinyume cha asidi. Miaka ile ilikuwa kama mashindano, kila mwaka mtu anatoka na alkaloidi mpya: striknini 1818, kwinini 1820, kafeini nayo humo humo katikati. Wa kwanza kabisa alikuwa kijana wa duka la dawa, Sertürner, na mofini yake. Yeye naye alijaribu mwilini, tena akawashirikisha vijana watatu, wakameza wote na nusura wafe. Naona wakemia wa zamani walikuwa na tumbo kubwa kuliko akili, samahani kwa kusema hivyo.

Kwa kaktasi malighafi ni tairosini, asidi amino ya kawaida tu ambayo hata wewe unayo mwilini. Mmea unaipunguza hapa, unaiongezea pale, inakuwa tairamini, kwingine inakuwa hodenini (hii ilipewa jina la shayiri kwa sababu huko ndiko ilikojulikana), na katika spishi chache, kwa njia nyingine, inafika hadi meskalini. Shikilia hilo neno tairosini, litarudi.

SWALI: Mwalimu, meskalini ndo ile iliyoko kwenye pombe ya mezcal?

JIBU: Hapana kabisa. Mezcal inatoka kwa agave na agave si kaktasi, ni ndugu wa asparaga. Wageni walichanganya majina tu, wakaviita vile vipande vya peyote "vifungo vya mescal" na mkemia akachukua jina likiwa tayari limekosewa. Tena kuna mbegu nyekundu za mti mwingine wa huko huko Texas na Meksiko nazo ziliitwa maharage ya mescal, zile zina saitisini ambayo inaua. Vitu vitatu, jina moja. Ndo maana mimi simwamini mtu anayeniambia mmea kwa jina la mtaani.

SWALI: Kaktasi wangu nimemkata tawi akatoa maziwa meupe mengi, je hiyo ndo alkaloidi? Naweza kuonja? Ni mrefu kama kinara cha mishumaa.

JIBU: USIONJE! Na nawa mikono sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, usiguse macho.

Huyo si kaktasi, huyo ni euforbia. Wanafanana kwa sababu wote wamekulia kwenye ukame wakafikia umbo lile lile, nene, la mbavu, lisilo na majani, lakini kiukoo wako mbali kama kuku na popo. Kaktasi karibu wote asili yao ni Amerika. Yuko mmoja tu, Rhipsalis baccifera, mwembamba anayening'inia mitini, ndo anapatikana kwa asili Afrika, Madagaska na Sri Lanka pia, na watu wanaendelea kubishana alivukaje bahari, wengi wanamsingizia ndege. Kwa hiyo yale majitu ya miiba yanayoota yenyewe nyikani Afrika ni euforbia, na mnyaa unaoujua wewe nao ni humo humo.

Namna ya kuwatofautisha: tazama miiba inapotokea. Kaktasi ana kidoti kama kipande cha sufi, na miiba yote inachomoza kwenye hicho kidoti kama pini kwenye kijimto cha fundi cherehani. Euforbia hana hicho kidoti, na wengi miiba yao inakaa miwili miwili. Na ukimchoma kidogo euforbia anatoa maziwa, kaktasi kwa kawaida anatoa maji au ute. Yale maziwa yana esta za diterpeni, hizo si alkaloidi, zinaunguza ngozi na zikiingia jichoni unaweza kukaa gizani siku kadhaa, wengine wamepata madhara ya kudumu.

Nimeiweka barua hii makusudi, Mpenda Mirija, uisome. Wewe umesema umeambiwa ni San Pedro. Umeambiwa na nani?

SWALI: Nimesikia peyote inaisha porini, ni kweli au ni maneno ya watu wa mazingira tu?

JIBU: Kweli. Peyote porini inaweza kuchukua zaidi ya miaka 10 kutoka mbegu hadi ua la kwanza, na mtu anaing'oa kwa sekunde mbili. IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, wameiweka kwenye kundi la spishi zilizo hatarini kutoweka, na mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliopitia spishi 1,478 za kaktasi ukakuta asilimia 31 ziko hatarini. Biashara ya kimataifa ya kaktasi karibu wote inabanwa na CITES, ule mkataba wa biashara ya mimea na wanyama wa porini.

Na kuna watu ambao kwao hiki si kiburudisho. Wawixárika wa Meksiko wanafunga safari ya hija hadi Wirikuta, jangwani San Luis Potosí, kuifuata peyote yao. Kanisa la Wenyeji wa Marekani lilisajiliwa Oklahoma mwaka 1918 na peyote ndo sakramenti yao, na sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inawalinda waumini wa makabila hayo. Kwenye pango moja la Texas wamepata peyote kavu yenye umri wa miaka 5,000 na ushee, na meskalini ilikuwa bado imo! Sasa mtu wa mbali akija kung'oa magunia kwa sababu ameona video, anawanyang'anya wenzake madhabahu.

SWALI: Mimi napenda kaktasi na napenda sayansi, sitaki mambo ya dawa. Kuna jaribio lolote la kweli naweza kufanya nyumbani, si lile la kumwagilia na kupima urefu? – *Mwenye Mpungate*

JIBU: Haya, hili ndo nililisubiri. Mpenda Mirija njoo ukae hapa mbele.

Mwaka 1815 ilichapishwa barua ya daktari mmoja aliyekuwa India, Benjamin Heyne. Alikuwa na tabia ya kutafuna majani bustanini, akagundua kwamba mmea fulani wenye majani manene ulikuwa mchachu sana asubuhi, mchana hauna ladha, na jioni uchungu kidogo. Mmea ule ule! Alichoonja bila kujua ni siri ya mimea ya ukame, na kaktasi wanayo pia.

Mmea wa kawaida unafungua vinyweleo vyake mchana, unavuta kaboni dayoksaidi, unatengeneza chakula kwa jua. Kaktasi akifanya hivyo jangwani atakauka kama kitambaa kambani. Kwa hiyo anafungua usiku kukiwa na ubaridi, anavuta ile hewa, lakini jua hakuna, sasa ataiweka wapi? Anaibadilisha kuwa asidi ya maliki, ile ile iliyoko kwenye tufaha bichi, anaijaza ndani ya seli usiku kucha. Jua likitoka anafunga milango, anaivunja ile asidi taratibu na kutumia hewa yake ya akiba. Kwa hiyo alfajiri kaktasi ni ghala lililojaa asidi, na jioni ghala tupu.

Unaweza kulipima. Tumia mpungate, yule wa majani bapa kama kasia, kwa sababu unaliwa na hauna meskalini ya kukuletea kesi. Wa mbavu naye anafaa, kipande kidogo tu cha kupima halafu unatupa, huonji. Usimchukue wa porini. Vaa glovu nene, na vile vimiiba vidogo kama nywele uvibandue kwa gundi ya karatasi kwanza, maana vikiingia kidoleni utavitafuta wiki nzima na huvioni.

Kata gramu 10 kabla jua halijachomoza. Kata gramu 10 zingine saa kumi na moja jioni, kwenye jani lile lile au la umri ule ule. Kila kipande kiponde peke yake na maji mililita 50, kisha chuja kwa kitambaa. Hapa utatukana kidogo kwa sababu ute wa mpungate unavutika kama bamia na hauchujiki, mimi mara ya kwanza niliharibu nguo nzuri ya mama watoto na jaribio likaahirishwa kwa sababu za kifamilia. Dawa yake ni kukamua taratibu na kukubali kwamba hutapata maji yote.

Chovya karatasi ya pH, ile ya kupima asidi. Asubuhi inaweza kukuonyesha karibu na 4, jioni 5 au zaidi, inategemea mmea wako na ubaridi wa usiku. Ukiona tofauti ya namba moja usiidharau, pH ni kipimo cha mara kumi kumi, namba moja chini maana yake ayoni za asidi ni mara kumi zaidi.

Sasa usiishie hapo, karatasi ni macho tu. Yeyusha kijiko cha chai cha soda ya kupikia kwenye nusu lita ya maji, vuta kwa sirinji isiyo na sindano, chukua mililita 20 za juisi yako na uanze kudondosha. Tone, koroga, tone, koroga. Vipovu vidogo vitatoka, na vile vipovu ni kaboni dayoksaidi. Hesabu matone hadi karatasi ifike 7, andika. Fanya kwa juisi ya jioni, andika. Rudia siku tatu maana mara moja haithibitishi kitu. Baada ya hapo mfunike mmea mchana kutwa kwa boksi jeusi na upime jioni, uone asidi imetoka ghalani au haijatoka, sikwambii jibu. Utakuwa umefanya titresheni, yaani kupima asidi kwa kuhesabu matone, juu ya kiumbe hai, na kila namba kwenye daftari lako unajua imetoka wapi.

Halafu tairosini, niliahidi itarudi. Kama mpungate wako unazaa yale matunda mekundu, kamua moja. Ile rangi si ya familia ya rangi za zabibu au kabichi nyekundu, ni betalaini, na ina nitrojeni ndani yake, na mmea unaitengeneza kuanzia tairosini, malighafi ile ile ya meskalini, ila huku imeelekezwa kwenye rangi. Mpaka leo hakuna mmea uliojulikana kuwa na betalaini na anthosiyanini (ile rangi ya zabibu na kabichi) kwa pamoja, ni ama hii ama ile. Gawa juisi kwenye vikombe vitatu: kimoja acha, kingine tia siki, cha tatu kichemshe dakika kumi kisha kipooze. Cha siki kitabaki chekundu karibu vile vile, wakati kabichi nyekundu ingebadilika rangi palepale. Cha moto kitafifia kuelekea njano na kahawia kwa sababu molekuli imekatika vipande viwili na kimoja ni cha njano.

Ukiweza, tafuta pia kale kaunga keupe kama pamba kanakokaa kwenye mpungate. Ukikaponda kakatoa damu nyekundu mno, hiyo si damu, ni asidi ya kamini ya mdudu kochinili. Weka tone kwenye siki na tone kwenye maji ya soda, moja litaelekea chungwa na lingine zambarau. Wameksiko walikuwa wanatia nguo rangi kwa huyo mdudu kabla Wahispania hawajafika, na leo bado yumo kwenye vipodozi na vyakula, tafuta E120 nyuma ya pakiti. Mtakaopata namba za asubuhi na jioni nitumieni, andikeni na aina ya mmea, saa ya kukata, na matone mangapi. Asiye na saa ya kukata simchapishi.